Kuandikiwa rufaa ya kesi ya mtoto Mbeya na Iringa: nani anastahili hela yako

Kwa wenye haraka, jibu letu ni hili: usimlipe mtu yeyote akuandikie sababu za rufaa kabla hajausoma mwenendo wa kesi, yaani kumbukumbu za kila kilichosemwa mahakamani, ukurasa kwa ukurasa. Awe wakili mwenye ofisi Mwanjelwa, awe kijana wa steshenari jirani na mahakama pale Iringa mjini, asiyesoma mwenendo anakuuzia karatasi. Na kwenye kesi za makosa dhidi ya watoto karatasi hiyo ni ghali, maana upande mmoja kuna mtu aliyefungwa miaka 30 au maisha, na upande wa pili kuna mtoto ambaye alishatoa ushahidi wake na familia yake inadhani mambo yamekwisha.

Tunachopima hapa ni huduma za rufaa ya kwanza, kutoka mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi kwenda Mahakama Kuu, kwa kesi za kubaka, kulawiti, udhalilishaji mkubwa wa kijinsia na kumpa mimba mwanafunzi. Kesi za Mbeya zinasajiliwa masjala ya Mbeya. Za Iringa, na kwa miaka mingi za Njombe pia, zimekuwa zikienda Iringa. Namba za vifungu tunazotaja ni za Toleo la 2022 la sheria za Tanzania. Toleo la 2023, lililoanza kutumika Julai 1, 2025, limesogeza namba nyingi, hivyo anayekuandikia lazima aseme anatumia toleo lipi. Asipojua kama kuna toleo jipya, mshukuru kwa muda wake uondoke.

Gereza: bure, na kwa siku kumi za kwanza hakuna anayelishinda

Hatua ya kwanza haihitaji mwanasheria. Kifungu cha 361 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinataka kusudio la kukata rufaa litolewe ndani ya siku 10 tangu hukumu. Mfungwa akifika gerezani anamwambia ofisa anayeshughulikia rufaa kwamba hajaridhika, fomu inajazwa, anasaini au anaweka dole gumba, na gereza linaipeleka. Iwe Ruanda pale Mbeya au gereza la wilaya, utaratibu ni huo huo na hauna malipo. Hata hati yenyewe ya rufaa mfungwa anaruhusiwa kuiwasilisha kupitia mkuu wa gereza, naye ana wajibu wa kuifikisha kwa msajili.

Kinachoharibika ni mawasiliano kati ya ndani na nje. Ndugu wanachanga, wanapata mtu wa kuandika, hati nzuri inasajiliwa wiki ya tano, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kama kusudio lilitolewa. Siku ya kusikilizwa wakili wa serikali anasimama na pingamizi la awali, rufaa inafutwa. Kufutwa huku si kushindwa moja kwa moja. Njia bado ipo, lakini ni ndefu. Yanaletwa maombi ya kuongezewa muda pamoja na hati ya kiapo inayoeleza kila kipindi cha ucheleweshaji. Mfungwa akisema gereza ndilo lililochelewesha, maneno yake peke yake hayatoshi. Aambatanishe kiapo cha ofisa wa gereza husika. Kwa hiyo siku ya kwanza ya kumtembelea ndugu yako, kabla ya kumpa sabuni, muulize: umeshaweka dole? Tarehe ngapi?

Udhaifu wa gereza uko kwenye sababu zenyewe. Huandikwa na wafungwa wazoefu kwa kunakili rufaa za wenzao, na utakuta mtu aliyefungwa kwa kulawiti analalamikia gwaride la utambulisho ambalo halikufanyika kwenye kesi yake. Tumia gereza kwa kusudio na kwa kuwasilisha. Sababu zitafute kwingine.

Nakala ya mwenendo: hapa ndipo muda unapoliwa

Hati ya rufaa inatakiwa ndani ya siku 45, lakini siku za kusubiri nakala ya mwenendo na hukumu hazihesabiwi. Sheria ni ya huruma hapo, ila inataka uthibitisho. Barua ya kuomba nakala iende mapema, nakala yako igongwe mhuri wa masjala wenye tarehe, na siku nakala zikitoka tarehe ya kupokea iandikwe na kusainiwa. Bila tarehe hiyo huna cha kuonyesha utakapoulizwa ulikuwa wapi siku zote hizo.

Nakala ya hukumu mshtakiwa akiiomba anapewa bure. Kifungu cha 313 kinasema hivyo. Anayekudai hela ya "kuharakisha" mwombe kontro namba. Malipo halali ya serikali yanayo, na mara nyingi swali hilo peke yake linamaliza mazungumzo.

Ukipokea nakala usiifunge kwenye bahasha ukaondoka. Hesabu kurasa pale pale mezani. Angalia kila shahidi ana sehemu tatu: ushahidi wake, maswali ya upande wa pili, na maswali ya ufafanuzi. Mwenendo unachapwa kutoka mwandiko wa hakimu, na si ajabu ushahidi wa shahidi wa pili ukakatika katikati ya sentensi. Ukiona hivyo andika barua kwa msajili kuomba nakala kamili kabla ya kusajili sababu. Kulalamika siku ya kusikilizwa kunapoteza kikao kizima.

Steshenari: wepesi, na ndiyo shida yao

Tuwe wakweli, kuchapa wanajua. Hati inatoka safi, kichwa kimekaa sawa, nafasi ya muhuri ipo. Lakini fungua ndani usome sababu ya kwanza:

"Kwamba, hakimu alikosea kisheria na kiukweli kumtia mrufani hatiani ilhali upande wa mashtaka haukuthibitisha kosa pasipo kuacha shaka."

Sentensi hiyo iko kwenye kompyuta yao tangu zamani. Ni ile ile kwa aliyeiba ng'ombe Chunya na kwa aliyetiwa hatiani kwa kubaka mtoto Mufindi. Si kosa kuiweka, na kwenye rufaa ya kwanza jaji ana wajibu wa kuupima upya ushahidi wote hata kama sababu zimeandikwa vibaya. Ila haimwonyeshi jaji aanzie wapi. Linganisha na hii, ambayo tumeitunga kama mfano:

"Kwamba, shahidi wa kwanza, mtoto wa miaka 9, alitoa ushahidi bila kiapo, na ukurasa wa 11 wa mwenendo hauonyeshi kwamba kabla ya kuanza aliahidi kuiambia mahakama ukweli na kutosema uongo."

Ya pili ina shahidi, ukurasa na kilichokosekana. Wakili wa serikali atalazimika kufungua ukurasa wa 11. Ukienda steshenari nenda na sababu zako zimeshaandikwa kwa mkono, wao wakuchapie tu na ulipie kurasa. Huduma hiyo tunaipa alama nzuri. Ile ya "tuachie jina la mfungwa na namba ya kesi, njoo jioni" tunaipa sifuri.

Msomaji mzuri wa mwenendo anatafuta nini

Hapa ndipo utamjua unayetaka kumlipa. Mpe mwenendo, rudi baada ya siku kadhaa, msikilize. Asipogusa angalau mambo yafuatayo, hajasoma.

Kwanza mtoto alitoaje ushahidi. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 127(2) kama kilivyorekebishwa 2016, inamruhusu mtoto mwenye umri usiozidi miaka 14 kutoa ushahidi bila kiapo, mradi aahidi kwanza kusema kweli na kutosema uongo. Ahadi ina pande mbili na lazima ionekane kwenye kumbukumbu, tena kabla ya ushahidi. Mahakama ya Rufani imeelekeza hakimu amuulize mtoto maswali mepesi: umri wake, dini yake, kama anaelewa maana ya kiapo, asipoelewa, kama anaahidi kusema kweli. Kwa miaka kadhaa kukosekana kwa ahadi kulifanya ushahidi wa mtoto ufutwe na kesi nzima ianguke. Siku hizi mlango umebanwa: kuna maamuzi, likiwemo la 2022, yaliyoona kwamba mtoto anayeaminika anaweza kutegemewa chini ya kifungu cha 127(6) hata kama ahadi haikuandikwa ipasavyo. Anayekuahidi ushindi kwa hoja hii pekee anatumia daftari la zamani. Kwa mtoto aliyezidi miaka 14 mambo ni tofauti. Huyo anaapa kama mtu mzima, na ushahidi usio na kiapo hauna nguvu.

Pili ni umri. Kwenye kosa la kubaka mtoto aliye chini ya miaka 18, umri ni sehemu ya kosa lenyewe, kwa kuwa ridhaa haina maana. Umri ulioandikwa kwenye hati ya mashtaka si ushahidi, na ule ambao hakimu anaandika juu ya jina la shahidi kabla hajaanza kusema nao si ushahidi. Lazima mtu aseme: mtoto mwenyewe, mzazi, ndugu, daktari, au cheti cha kuzaliwa kitolewe, mahakama pia inaweza kuuona umri kutokana na mazingira yaliyothibitishwa, kwa mfano darasa analosoma. Uzito wake uko pia kwenye adhabu. Kubaka ni kuanzia miaka 30, lakini mtoto akiwa chini ya miaka 10 ni maisha. Umri wa chini ya miaka 10 usipothibitishwa vizuri, hatia inaweza kubaki na adhabu ikashuka kutoka maisha hadi 30. Kwenye kulawiti mpaka wa maisha ni miaka 18, kwa hiyo hoja hiyo haisaidii, na tumeona hati zinazoinakili hivyo hivyo.

Umri wa mrufani nao usisahaulike. Kifungu cha 131(2) cha Kanuni ya Adhabu kinasema mvulana wa miaka 18 au chini, kwa kosa la kwanza la kubaka, adhabu yake ni viboko tu. Kijana aliyekuwa kidato cha pili wakati wa tukio akipewa miaka 30, hiyo ndiyo sababu namba moja, na cheti chake cha kuzaliwa ni muhimu kuliko hotuba yoyote.

PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu anayojaza daktari, inapendwa kushambuliwa kupita kiasi. Kielelezo kinatakiwa kipokelewe kwanza, ndipo kisomwe mbele ya mshtakiwa. Kikipokelewa bila kusomwa, kinaondolewa kwenye kumbukumbu. Sawa, kimeondolewa. Daktari aliyesimama akaeleza alichokiona, maneno yake yanabaki. Mtoto naye yupo. Tangu 2006 Mahakama ya Rufani inashikilia kwamba ushahidi bora wa kosa la kingono ni wa mwathirika mwenyewe, na sheria haitaki idadi fulani ya mashahidi. Kuingiliwa hata kidogo kunatosha kisheria, kwa hiyo PF3 isiyoonyesha majeraha haimtoi mtu. Anayejenga rufaa nzima juu ya PF3 amejenga kibanda chake kwenye bonde la mto.

Linaloweza kuzaa matunda ni uaminifu wa mtoto na walio karibu naye, na hapo usomaji unataka utulivu. Alimtaja mtuhumiwa mapema iwezekanavyo, au baada ya wiki mbili bila maelezo? Kuchelewa si uongo. Mtoto aliyetishiwa hukaa kimya na mahakama zinalijua hilo. Swali ni kama sababu ya kuchelewa imo kwenye mwenendo. Tukio lilikuwa usiku? Taa ilikuwa ipi, umbali gani, walifahamiana? Mama anasema aliambiwa Jumatatu, mwalimu anasema Ijumaa: tofauti hiyo inagusa kiini au ni usahaulifu wa kawaida?

Halafu kuna utetezi wa "nimebambikiwa kwa ugomvi wa shamba". Unasikika sana huku kwetu. Msomaji ataangalia jambo moja: mshtakiwa alipopewa nafasi ya kumuuliza mama wa mtoto maswali, aliuliza kuhusu shamba? Akikaa kimya pale, kisha akauleta ugomvi kwenye utetezi wake, mahakama inauona kama wazo la baadaye. Hilo halirekebishiki kwenye rufaa.

Mengine yapitiwe haraka. Hakimu akibadilika katikati, sababu ziandikwe. Haki za mshtakiwa chini ya kifungu cha 231 zisomwe baada ya kuonekana ana kesi ya kujibu. Hukumu iwe na hoja za kuamuliwa, uamuzi na sababu, na ioneshe utetezi ulipimwa. Kifungu kilichokosewa kwenye hati ya mashtaka zamani kilikuwa dhahabu. Tangu 2019 kimepoteza makali, kwa kuwa kama maelezo ya kosa yalieleweka kasoro hiyo inatibika. Aliyekiri kosa anaweza kulalamikia adhabu tu, isipokuwa aonyeshe kwamba kukiri kwenyewe hakukuwa kamili.

Na muulize unayemlipa: tukishinda kwa kasoro ya utaratibu, itaamriwa nini? Jibu sahihi si "anatoka". Mahakama inaweza kuagiza kesi isikilizwe upya, ingawa haipaswi kufanya hivyo ili kuupa upande wa mashtaka nafasi ya kuziba mapengo yake.

Mawakili na vishoka

Jina la wakili likague kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama kabla ya kutoa senti. Utaona kama leseni yake ni hai. Suti na mkoba si leseni. Mapatano yaandikwe: kusoma mwenendo, kuandaa sababu, kusimama siku ya kusikilizwa, au yote. Wengine bei yao ni ya kuandika tu, na siku ya rufaa mfungwa anajikuta peke yake, wakati mwingine mbele ya skrini, kwa kuwa rufaa kadhaa husikilizwa kwa njia ya video akiwa gerezani. Sauti ikikatika aseme hapo hapo.

Asiye na uwezo ana Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Wasaidizi wa kisheria wa wilayani ni wazuri kwa barua, ufuatiliaji wa nakala na kueleza taratibu. Hawaruhusiwi kusimama kama mawakili, na aliye makini atakwambia mwenyewe.

Anayesema anamfahamu jaji, mkimbie. Mkimbie haraka zaidi anayeshauri muende kwa familia ya mtoto "mkamalizane", mlete barua ya mtendaji wa kijiji au kiapo cha mtoto kubadili maneno. Kesi ni ya Jamhuri. Barua ya kupatana haina kazi yoyote kwenye rufaa, ushahidi mpya hupokelewa kwa ruhusa ya mahakama tu, na kumshinikiza mtoto kunaweza kuzaa kesi nyingine.

TanzLII

Hii ni tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania. Ni bure, inafunguka kwenye simu, na ndiyo huduma tunayoipenda kuliko zote. Hukumu za Mahakama Kuu za Mbeya na Iringa na za Mahakama ya Rufani zimo. Kwenye alama kama [2022] TZCA, herufi hizo ni Mahakama ya Rufani. TZHC ni Mahakama Kuu. Anza na hukumu za miaka ya karibuni urudi nyuma, usifanye kinyume, ama utashika msimamo ulioachwa. Kasoro kubwa ni kwamba hukumu nyingi bado ni za Kiingereza, licha ya marekebisho ya sheria ya 2021 yaliyoifanya lugha ya mahakama kuwa Kiswahili.

Kwa familia ya mtoto

Hapa huduma ni dhaifu na tunalisema wazi. Mzazi hana haki ya kukata rufaa mwenyewe dhidi ya kuachiwa kwa mshtakiwa. Hiyo ni ya Mkurugenzi wa Mashtaka, mwenye siku 30 za kutoa notisi na 45 za kuwasilisha rufaa. Nenda ofisi ya mashtaka ya mkoa wiki ile ile ya hukumu, ukiwa na namba ya kesi na jina la hakimu, uulize kama notisi itatolewa. Mfungwa akikata rufaa, mjibu rufaa ni Jamhuri, na familia isipofuatilia inaweza kumwona mtu mtaani kabla ya kusikia habari. Omba namba ya rufaa na tarehe. La kutuliza ni kwamba mtoto haitwi tena kusimulia. Rufaa inaamuliwa kwa kumbukumbu zilizopo. Ikiagizwa kesi isikilizwe upya, hapo ndipo atahitajika, na ni vema ajue mapema. Dhamana ya mfungwa wakati rufaa ikisubiriwa ipo kisheria, ila kwa adhabu hizi ni nadra.

Ngazi ya pili

Ukishindwa Mahakama Kuu, notisi ya kwenda Mahakama ya Rufani ni ndani ya siku 30. Majaji watatu, hoja za kisheria tu. Jambo la ushahidi ambalo hukulisema Mahakama Kuu halisikilizwi. Ndiyo maana kubania hela kwenye rufaa ya kwanza ni hasara. Baada ya hapo kuna mapitio, yaani kuiomba mahakama hiyo hiyo iangalie upya uamuzi wake, ndani ya siku 60, kwa sababu chache mno. Wengi hutukumbusha wanamuziki wawili, Babu Seya na mwanawe Papii Kocha, waliotoka kwa msamaha wa Rais Desemba 2017. Ule ulikuwa msamaha. Rufaa yao ilikuwa imeshakwama tangu 2010. Kuomba msamaha hakusimamishi hesabu ya siku za notisi.